Mhandisi wa programu na ndege wa Mukurweini

Mabonde ya Mukurweini, kusini mwa Kaunti ya Nyeri, yamepandwa kahawa, na kando ya mashamba kumesimama vichaka vya lantana ambavyo mkulima yeyote angependa kuving'oa. Lantana ni mmea wa kigeni, una miiba na huenea haraka. Lakini humo ndani huishi ndege wa Hinde, wa kahawia mwenye madoa meupe na macho mekundu, anayepatikana Kenya pekee. Vichaka vya asili vilipofyekwa ili kupisha mashamba, alijisitiri kwenye lantana. Ukiing'oa yote kwa siku moja bila kupanda vichaka vingine, umemfukuza na yeye.

Mhandisi wa programu aliyewahi kumsubiri ndege huyo kwa saa nzima ataurudia msimbo wa zamani wa kazini kwake kwa macho tofauti. Kila kampuni ina sehemu ya namna hiyo: ina sura mbaya, aliyeiandika alishaondoka, na kijana mgeni anatamani kuifuta. Kumbe kuna ripoti ya mwisho wa mwezi inayoitegemea. Swali la kwanza ni nani anaishi humo, na jibu hupatikana kwa kutazama kwa muda kabla ya kugusa chochote.

Watu wengi husifu uraibu wa nje ya kazi kwa sababu unapumzisha akili. Ni kweli, na kwa mtu anayekaa mbele ya skrini kutwa si jambo dogo. Ila naona faida kubwa zaidi iko kwingine. Kompyuta hufanya ulichoiandikia, hata kama umekosea. Ndege hafanyi hivyo. Wala nyuki, wala mto wenye samaki aina ya trauti, wala wenzako wa sauti ya nne katika kwaya ya kanisa. Uraibu mzuri ni ule unaokuweka mbele ya kitu kisichopokea amri zako. Makala hii inafuata kutazama ndege, kwa kuwa miji ya Mlima Kenya imebarikiwa nao na kwa kuwa shughuli hiyo inamfundisha mhandisi jambo ambalo vyuo hulipitia juu juu: uaminifu wa data.

Uko mradi wa kujitolea uitwao Kenya Bird Map. Umeigawa nchi katika miraba, kila mmoja ukiwa na takriban kilomita 9 kwa 9. Mtu huchagua mraba, akatafuta kwa bidii kwa angalau saa 2, na kuandika kila aina ya ndege aliyoiona au kuisikia, kwa mfuatano wa kukutana nazo. Orodha hiyo anaweza kuiongezea hadi siku 5, kisha anaifunga.

Kwa nini saa 2? Mtu akikuletea jina la ndege mmoja adimu, huwezi kujua kama wale wengine hawakuwapo au yeye hakujishughulisha nao. Orodha kamili iliyotafutwa kwa muda unaojulikana inakueleza pia nani hakuonekana. Tuseme mraba una orodha 20, na kwarara yumo katika 18. Hapo una kipimo ambacho mtu wa miaka kumi ijayo ataweza kukilinganisha na chake. Sasa rudi ofisini. Umeambiwa wateja 40 wamelalamika kwamba malipo yao yamekwama. Arobaini kati ya wangapi? Walihesabiwa kwa muda gani? Na wale waliokata tamaa bila kupiga simu wako wapi? Mtu aliyezoea kufunga orodha ya ndege huuliza maswali haya kabla hajafungua msimbo.

Somo jingine ni la siri. Mfumo wa eBird, unaoendeshwa na Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, huficha mahali hasa walipoonekana ndege walio hatarini, ili wawindaji na wanaowasumbua kwenye viota wasielekezwe. Ukishaelewa kwa nini kiota cha tai hakitangazwi, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 haitakuwa tena fomu ya kujaza tu. Utakumbuka kwamba anwani ya mtu nayo ni kiota.

Nyeri ina bahati zaidi. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilicho nje kidogo ya mji, kina hifadhi ya wanyama katika ardhi yake. Mwaka 2015 chuo hicho kilikuwa mwenyeji wa mkutano wa kwanza wa Data Science Africa, na mwaka 2016 Ciira wa Maina na wenzake walichapisha mkusanyiko wa sauti zilizorekodiwa katika hifadhi hiyo. Kwa hiyo anayetaka kuunganisha darubini na kompyuta atakuta njia imeshafyekwa karibu na nyumbani. Kwingineko, Linus Torvalds, muasisi wa Linux, hupenda kuzamia baharini, na mwaka 2011 alianzisha Subsurface, programu ya kuweka kumbukumbu za wazamiaji. Alijua wanachohitaji kwa sababu alikuwa mmoja wao.

Hata hivyo, nakusihi usikimbilie kutengeneza programu. Jipe mwaka mmoja wa kutazama tu. Ukianza kuhesabu watumiaji mwezi wa pili, umejiongezea ajira nyingine isiyo na mshahara. Na siku utakapoandika kitu, usome kwanza mkataba wako wa kazi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya humpa mwajiri haki ya kazi iliyofanywa na mwajiriwa katika ajira yake, isipokuwa kama mmekubaliana vingine, na mikataba mingine hudai zaidi ya hapo. Tumia kompyuta yako mwenyewe na saa zako mwenyewe.

Vifaa ni vichache: daftari, kalamu, koti la baridi na darubini. Darubini iliyoandikwa 8x42 inafaa msituni kwa kuwa hupitisha mwanga wa kutosha. Ukiweza, azima kabla ya kununua. Kitabu cha Terry Stevenson na John Fanshawe kuhusu ndege wa Afrika Mashariki kitakufaa kwa miaka mingi. Toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Anza na ua la nyumbani au bustani za mji, kisha ukipata nauli nenda Mwea, ambako mashamba ya mpunga huvuta yangeyange na ndege wengi wa majini. Huko omba ruhusa ya wakulima na utembee juu ya kingo, maana mpunga ule ni karo ya watoto.

Misitu ya Mlima Kenya na Aberdare ina ndovu na nyati. Usiingie peke yako. Pitia langoni, lipa, na uombe kusindikizwa na mlinzi au mwongozaji anayeijua njia. Huko juu, ukibahatika, utamwona kulukulu wa Hartlaub. Akitulia tawini ni kijani na buluu tupu. Wekundu wa mabawa yake huonekana anaporuka, kwa sekunde mbili au tatu, kisha majani humfunika tena.

Katika orodha yako ya kwanza watakuwamo wengi usiowajua. Usibahatishe majina yao. Andika saa, mahali, ukubwa, rangi ya mdomo na sauti, halafu uandike "sijamtambua", na uifunge orodha hivyo hivyo.