Mnara wa Chuma na Bei ya Karatasi: Mafunzo Niliyopata kwa Kuchapisha Njozi Kagera

Ofisi yetu ni chumba kimoja Bukoba mjini, na ghala letu ni nusu ya stoo ya shemeji yangu Muleba. Tunachapisha riwaya za njozi kwa Kiswahili: watawala wanaogeuka chui, miji iliyo chini ya ziwa, wanawake wanaofuga radi. Wenzangu wa Dar es Salaam huuliza kwa nini nimejificha mbali hivyo na soko. Haya ndiyo ninayowajibu, na ndiyo ninayomwambia kijana yeyote wa mkoani anayetaka kuingia kazi hii.

1. Ajabu tunayo. Mdai mwandishi hesabu yake.

Katuruka, kijiji kisicho mbali na Bukoba mjini, kuna simulizi la mtawala Rugomora Mahe aliyetaka kujua mbinguni kuna nini, akaamuru wafua chuma wamjengee mnara wa kumfikisha huko. Mnara ukaanguka. Mwanaakiolojia Peter Schmidt alifuata masimulizi ya wazee mpaka mahali penyewe, akachimba, akakuta mabaki ya ufuaji wa chuma wa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya walimjengea tanuri la mtindo wa kale na kuliwasha. Yeye na mwenzake Donald Avery wakaandika matokeo katika jarida la Science mwaka 1978.

Mwandishi mmoja kutoka Nshamba aliniletea mswada wenye mnara kama ule. Mnara wake ulisimama kwa aya moja: mtawala ameamka, ameamuru, chuma kimepanda hadi mawinguni. Tulikaa naye barazani na kalamu nyekundu. Nikamuuliza, hawa wafua chuma wanakula nini? Akacheka. Nikaendelea: mkaa unatoka msitu gani, nani anasukuma mivukuto usiku, udongo wa mabomba ya kupitishia hewa unachimbwa wapi, matete ya kuchoma chini ya tanuri yanakatwa na nani? Alirudi baada ya msimu mzima na sura tatu. Ndani yake kulikuwa na kijiji kilichokata migomba yake ili kupisha matanuri, na mama aliyemnyima mtawala ndizi za kulisha mafundi. Mnara ulipoanguka, msomaji alijua umewaangukia akina nani.

Msomaji wa huku amelelewa na masimulizi ya miungu ya Kihaya, Wamara na Mugasha wa ziwani. Mtawala kujenga ngazi ya kwenda mbinguni si jambo la kumshangaza. Anachotaka kujua ni nani alilala njaa. Tunarudisha miswada mingi kwa sababu hiyo kuliko sababu nyingine yoyote, lugha mbovu ikiwemo.

2. Msiba wa karibu hatuugusi.

Kila mwaka hufika mswada ambamo abiria wa MV Bukoba wanainuka kutoka ziwani. Meli ile ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikielekea Mwanza, na mamia ya watu walikufa. Wengi hawakutambuliwa, wakazikwa Igoma. Wajane wao na watoto wao ndio wanaopita mbele ya meza yetu ya vitabu. Wapo wanaosema sanaa haina mipaka. Sawa, waichapishe wao. Mugasha wa kwenye masimulizi anaweza kupindua mitumbwi kadiri mwandishi anavyopenda, na ziwa letu litamtosha.

Kicheko cha Kashasha, kwa upande mwingine, nimekiruhusu. Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, Muleba, wanafunzi walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Kati ya wanafunzi 159, walioshikwa walikuwa 95. Shule ikafungwa Machi, wasichana wakarudishwa makwao, na hali ileile ikazuka Nshamba. Madaktari waliochunguza hawakupata sumu wala vijidudu, wakaona ni histeria ya kundi. Sharti langu kwa mwandishi lilikuwa moja: wasichana wasifanywe vichekesho.

3. Kurasa huenda kwa 16.

Karatasi moja kubwa ikichapwa pande mbili na kukunjwa mara tatu hutoa kurasa 16. Kitabu cha kurasa 176 kinaingia sawasawa katika mikunjo 11. Mwandishi akiongeza kurasa mbili za shukrani kwa ukoo, unalipia mkunjo mwingine, au nusu yake, na karatasi tupu zinabaki mwishoni. Shukrani siku hizi zinakaa nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu, kwa herufi ndogo.

4. Kampala ni jirani, Dar ni safari.

Kutoka Bukoba hadi Mutukula ni kama kilomita 80. Ukivuka, asubuhi unaamkia Nasser Road, Kampala, mtaa ambao kila mlango una mashine ya kuchapa, ya kukata au ya kugandisha majalada. Dar es Salaam ni kilomita 1,400 hivi, na mzigo unakuja kwa basi kama parseli. Kwa toleo dogo, tofauti ya nauli peke yake inaweza kula faida yote.

Lakini Nasser Road si mahali pa kutuma pesa kwa simu na kusubiri. Nenda mwenyewe, kaa kwenye benchi, omba kitabu kimoja kilichomalizika kabla hawajagandisha vingine. Kifungue katikati, kikunje mgongo mpaka majalada yagusane. Gundi mbaya hulia, kisha kurasa za katikati huchomoka zote pamoja. Fundi atakwambia, “Ssebo, ikikauka itashika.” Haitashika. Mwambie arudie ukiwa bado umekaa palepale.

Mpakani kuna kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa mwaka 2017, kwa hiyo mzigo hukaguliwa upande mmoja tu, ule unakoingia. Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo, kwa bidhaa zilizo kwenye orodha na zenye thamani isiyozidi dola 2,000. Pita forodha uulizie kabla ya kulipa oda, uwe na ankara yenye muhuri. Usipake vitabu vumbi ili vionekane vimetumika. Nimeona mtu akifanya hivyo.

5. Bukoba hupata mvua ya kama milimita 2,000 kwa mwaka.

Maboksi yakae juu ya mbao, mbali na ukuta. Jalada lililopinda halinyooki.

6. Mkuu wa shule anaogopa neno uchawi. Mpe Kusadikika.

Shule ndiyo ndoto ya kila mchapishaji Tanzania, na njia rasmi ya kuingia darasani hupitia ithibati ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Kuna pia maktaba za shule, zawadi za mahafali na wazazi wanaonunua wenyewe, na huko ndiko tunakopumulia. Mkuu mmoja wa shule aliangalia jalada lenye mwanamke aliyeshika radi, akarudisha kitabu mezani kwa ncha ya vidole. “Hapa ni shule ya dini, mwalimu. Hatuleti uganga.”

Sikubishana naye kuhusu dini. Nilimuuliza kama wanafunzi wake wamewahi kusoma Shaaban Robert. Kusadikika ya mwaka 1951 ni nchi iliyo angani, na vizazi vya wanafunzi vimeisoma bila mzazi kuita mchungaji. Adili na Nduguze ina majini. Kiswahili kimekuwa na njozi muda wote huu, ila zikishasifiwa sana tunaziita fasihi na kusahau kwamba watu waliruka. Alichukua nakala mbili akazisome kwanza mwenyewe. Hiyo ndiyo hatua ninayoitafuta: mkuu wa shule anayesoma kabla ya kukataa.

7. Soma kalenda ya mwezi na ya Krismasi.

Duka la vitabu ni mteja mzuri anayechelewa kulipa. Sisi tunaishi kwa nyakati mbili.

Ya kwanza ni Desemba. Wahaya wanarudi nyumbani kutoka Dar, Mwanza na Arusha, wakiwa na watoto wanaojua majina ya mashujaa wote wa sinema za Marekani na hawamjui Mugasha. Senene zipo, barabara za Kamachumu zimejaa magari, na baba aliyekuwa akilalamikia bei ya kitabu mwezi Agosti ananunua vitano ili kila mtoto wa ukoo apate chake. Meza tunaiweka stendi na bandarini, saa ambazo abiria wa meli ya Mwanza wanashuka na kupanda. MV Victoria iliporudi majini mwaka 2020 baada ya matengenezo, mauzo yetu ya bandarini yalirudi nayo.

Ya pili sikuitegemea. Wavuvi wa dagaa wa visiwa vya Muleba, kama Bumbire na Goziba, hufanya kazi usiku wa giza kwa sababu taa ndizo zinazowavuta samaki. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazina nguvu, mitumbwi inakaa nchi kavu na kambi nzima haina la kufanya. Sasa boksi letu huondoka na boti ya abiria siku chache kabla ya mbalamwezi. Kitabu kimoja husomwa na wengi, mara nyingi kwa sauti, mmoja akisoma na wengine wakirekebisha nyavu. Wanachonipigia simu kulalamikia ni mitumbwi ya kwenye riwaya: “Kasia halishikwi hivyo.” Wakipata kosa la namna hiyo tunalisahihisha katika toleo linalofuata, na jina la kambi linaingia kwenye shukrani, kwa herufi ndogo.

8. Mwandishi apewe tarehe.

Aniceti Kitereza wa Ukerewe, upande wa pili wa ziwa hili, alimaliza riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka mwaka 1945. Tanzania Publishing House, ikiongozwa na Walter Bgoya, mtu wa Ngara, ndiyo iliyoitoa kwa Kiswahili mwaka 1980. Kitereza alifariki mwaka 1981, nakala hazijamfikia. Kabla ya hao hakuwa amepata mchapishaji.

Mkataba wetu una kurasa mbili. Unataja mwezi wa kitabu kutoka, siku ya mrabaha kulipwa, na kwamba tarehe ikipita, mswada ni mali ya mwandishi, aupeleke anakotaka. Akitaka kwanza kuupeleka kwenye Tuzo ya Mwalimu Nyerere, aende. Akishinda tunajivunia, asiposhinda anarudi na mswada uliosafishwa.

9. Sehemu ya kwanza isitoke kabla ya sehemu ya pili kuwa mezani.

Wasomaji wa njozi hawanunui kitabu kimoja, wananunua ulimwengu, na mlango ukishafunguliwa hawavumilii kuuona umefungwa. Kwa hiyo mwandishi wa mnara ameambiwa: kitabu cha kwanza kitakwenda Nasser Road siku atakayoleta cha pili, hata kikiwa rasimu chafu. Amekubali shingo upande. Kwa hesabu zangu, akimaliza kabla ya Oktoba tutawahi magari ya Desemba, na pesa za kitabu cha kwanza ndizo zitakazonunua karatasi ya kitabu cha pili.