MSIBA HAUPIMWI KWA WINGI WA MACHOZI

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili insha yenye kichwa "Msiba Mkubwa". Mmoja wao aliandika juu ya mwimbaji mashuhuri aliyefariki ng'ambo. Alisema kwamba hiyo ndiyo tanzia kubwa kupita zote, kwa sababu dunia nzima ililia. Insha ilikuwa safi, nami nikaisoma mbele ya darasa. Nilipokwisha, kijana mmoja wa nyuma akainua mkono. Huyo alikuwa amerudi shuleni juzi tu, baada ya kumzika mama yake. Akauliza, "Mwalimu, na kifo cha mama yangu kinaitwaje?"

Siku ile sikuwa na jibu la kumpa. Nimelifikiri swali lake tangu hapo, na haya ndiyo niliyoyapata. Nayaandika kwa ajili yake, na kwa ajili yenu nyote, ninyi mliopo shuleni na ninyi mliokwisha kutoka.

Kwanza tuyatazame maneno yenyewe. Kifo humpata kila mwenye roho. Ajali ni jambo baya litokealo ghafula, pasipo kukusudiwa. Maafa ni madhara yanayowapata watu wengi pamoja, kama mafuriko au njaa. Msiba ni huzuni ya kufiwa, na hauwezi kuwapo pasipo mfiwa. Ndiyo maana tukiambiwa kuna msiba, swali letu la kwanza ni, "Kwa nani?"

Neno tanzia lina maana mbili. Ya kwanza ni habari ya kifo inayotangazwa kwa watu. Ya pili ni mchezo wa kuigiza wenye mwisho wa huzuni. Asili ya neno hili ni Kiarabu, nalo lahusu kumfariji aliyefiwa. Yafaa tulikumbuke jambo hilo, maana tutalirudia.

Mwanachuoni wa Kiyunani, Aristotle, aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, alieleza mchezo wa tanzia ulivyo. Alisema kwamba mtu wake mkuu awe mwenye jina na heshima. Asiwe mwema kabisa, wala asiwe mwovu. Aanguke kwa sababu ya kosa fulani, hata watazamaji waingiwe na huruma na hofu. Kanuni hiyo yafaa jukwaani, kwa kuwa aangukaye kutoka juu huonekana na wote. Lakini wengi wetu twaichukua kanuni ya jukwaani na kuipeleka makaburini. Twadhani kwamba asiye na jina hawezi kuwa na tanzia. Hapo ndipo tunapokosea.

Tazameni mfano wa mwaka 1997, ambao wakubwa wenu wanaukumbuka. Tarehe 31 Agosti, Diana, aliyekuwa mke wa mwana wa mfalme wa Uingereza, alifariki mjini Paris katika ajali ya motokaa. Alikuwa na umri wa miaka 36. Watu wakajaza maua mbele ya jumba lake mjini London, na watu wasiohesabika wa nchi nyingi wakatazama maziko yake katika televisheni tarehe 6 Septemba. Siku moja kabla ya maziko hayo, Mama Teresa alifariki mjini Calcutta, akiwa na miaka 87. Naye alililiwa na wengi, na Bara Hindi ikamzika kwa heshima za taifa. Lakini katika magazeti mengi habari zake zilikaa nyuma ya zile za Diana.

Sasa rudini nyuma siku mbili tu. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Agosti mwaka huo huo, katika kijiji cha Rais, kusini ya mji wa Algiers, wauaji waliwachinja wanakijiji, wakubwa kwa wadogo. Serikali ilitaja watu 98. Wengine walisema wamepita 200. Je, nani kati yetu amepata kulisikia jina la kijiji hicho? Wazee husema, "Kifo cha wengi harusi," maana yake taabu ya pamoja huwa nyepesi. Lakini naona kwamba kwa aliye mbali methali hii huwa na uchungu mwingine. Wafu wakiwa wengi, yeye huiona hesabu tu, asione uso wa mtu hata mmoja.

Basi, je, waliomlilia Diana walikuwa wanafiki? Sisemi hivyo. Mtu hulia kwa ajili ya anayemjua, na sura ya Diana walikuwa wameizoea kwa miaka mingi. Tena alikuwa ametenda jambo la maana. Mwezi wa Januari mwaka ule ule alikwenda Angola, akapita mahali palipotegwa mabomu ardhini, ili dunia iwaone waliokatika miguu. Mwezi wa Desemba mataifa mengi yalitia sahihi mkataba wa kuyakataza mabomu hayo mjini Ottawa. Asilaumiwe mtu kwa machozi yake.

Lakini methali nyingine yasema, "Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia." Diana aliacha wana wawili, mmoja wa miaka 15 na mwingine wa miaka 12. Siku ya maziko walitembea nyuma ya jeneza la mama yao, mbele ya macho ya dunia nzima. Umati ulipokwisha kwenda zake na maua yakakauka, wale wawili walibaki hawana mama. Msiba ulikuwa wao. Na kwa jambo hilo, mwana wa mfalme hana tofauti na kijana wa nyuma darasani mwangu.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Wingi wa machozi hutuonyesha jinsi marehemu alivyojulikana. Uzito wa msiba hutazamwa kwa aliyebaki. Mwanangu, kifo cha mama yako ni msiba mkubwa, na sisi tuliokaa karibu nawe tulipaswa kukuambia pole kabla ya kusoma insha ya mtu mwingine. Pole sana.

ZOEZI

1. Tunga sentensi tano kwa maneno haya: kifo, ajali, maafa, msiba, tanzia.
2. "Msiba wa kujitakia hauna kilio." Je, wakubali? Toa sababu zako.
3. Mkumbuke mtu wa kijijini kwenu aliyefariki bila kutajwa gazetini. Andika ukurasa mmoja juu yake na juu ya aliowaacha.