Kukimbia Miguu Mitupu

Wanariadha wenzangu, Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Roma mwaka 1960 bila viatu. Ati na nyinyi mtupe raba leo? Ngojeni kwanza!

Bila viatu, wengi hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo badala ya kisigino. Mzigo basi huangukia misuli ya shavu la mguu na kano ya kisigino, nayo kano huchelewa kuzoea. Pumzi unayo, mguu bado. Ukikazana utatazama mbio za nyika ukiwa kando.

Wiki ya kwanza, dakika 5 zatosha, mwisho wa mazoezi, kwenye nyasi zisizo na miiba. Kesho yake pumzika. Kila wiki ongeza dakika chache tu. Kano ikiuma uamkapo, rudia raba mpaka ipoe.