Dondoo muhimu: Tripodi isiyotikisika

Picha za usiku pale Forodhani, Unguja, mara nyingi huhitaji shata ibaki wazi kwa sekunde nzima au zaidi. Adui mkubwa hapo ni upepo wa baharini. Refusha kwanza vipande vinene vya juu vya miguu. Vile vyembamba vya chini viwe vya mwisho, tena ikibidi tu. Nguzo ya katikati usiipandishe: ukiiinua, kamera inakaa juu ya fimbo moja na faida ya miguu mitatu inapotea. Vua mkanda wa kamera, maana ukipeperuka huitikisa kamera nzima. Ukitundika mkoba kwenye ndoano ya katikati, uache uguse chini kidogo. Ukining'inia huru, upepo utaubembeza na tripodi itafuata.

Kwenye mchanga, didimiza miguu mpaka ikatae kushuka.

Kidole nacho hutikisa. Tumia taima ya sekunde 2, au 10 kwa lenzi ndefu. Kamera yenye kioo, kiinue kioo kwanza. Lenzi za zamani zenye kizuia mtikisiko, kizime: baadhi husaka mtikisiko usiokuwepo na kuuzalisha zenyewe.

Ukishapiga, kuza picha kwenye skrini. Usipime kwa taa za mashua zilizotia nanga, kwa kuwa zinayumba na maji. Tazama taa ya ukutani. Ikiwa imejivuta kama mstari, rudia kabla hujakunja miguu.