Afta Pati Iwe na Mfuko Wake

SWALI: Bibi harusi mtarajiwa wa Dar es Salaam, ambaye ndoa yake itafungwa Jumamosi moja ya mwezi Desemba, ameiandikia safu hii akieleza kwamba marafiki wa pande zote mbili wamepanga afta pati itakayoanza mara ukumbi utakapofungwa na kuendelea hadi alfajiri, na kwamba wanataka gharama zake zitoke katika salio la michango ya harusi. Mweka hazina wa kamati amekataa kwa hoja kwamba salio hilo ni la kuvunjia kamati, na mama mkwe mtarajiwa naye ametamka kwamba mwali hakeshi disko usiku wa harusi yake. Mwandishi wa barua anauliza iwapo aifute afta pati ambayo moyoni anaitaka, au aitetee na kuingia katika ndoa akiwa amekosana na watu wawili anaowaheshimu.

JIBU: Afta pati, kama neno hilo linavyotumika mijini, ni starehe ya watu wachache wa karibu inayofuata baada ya sherehe ya ukumbini, ambako hakuna tena itifaki ya meza kuu, hotuba wala utoaji wa zawadi. Kuitamani si kosa, kwa kuwa maharusi hukaa jukwaani saa nyingi wakitazamwa, na mara nyingi huondoka bila kuzungumza kwa utulivu na rafiki hata mmoja. Kinacholeta ugomvi ni kuichukulia afta pati kama mkia wa harusi, ilhali ni shughuli nyingine inayostahili kuwa na mwenyewe wake, mfuko wake na saa yake ya kumalizika.

Katika suala la fedha, mweka hazina ana haki. Kamati ya harusi ni chombo cha muda cha ndugu, majirani na wafanyakazi wenza, ambacho hupokea ahadi, yaani kiasi ambacho kila mtu amejiandikia kuchangia, na kuzigeuza kuwa ukumbi, chakula, vinywaji, mapambo na muziki. Mchangiaji aliyelipia kadi ya mtu mmoja alitoa fedha kwa ajili ya shughuli aliyoalikwa, wala hakukusudia kuwagharimia wengine mahali ambapo yeye hakuitwa. Zaidi ya hayo, usiku wa harusi hakuna anayejua salio ni kiasi gani, kwa sababu mpambaji na mpishi huenda wanadai sehemu ya malipo yao, na baadhi ya ahadi bado ziko midomoni mwa walioziahidi. Hesabu hiyo hukamilika siku ya kuvunja kamati, yaani kikao cha mwisho ambacho wajumbe husomewa mapato na matumizi, hula na kunywa pamoja, kisha huagana. Ikiwa baada ya madeni kulipwa wajumbe wataamua kuwakabidhi maharusi kinachobaki, hapo ndipo kitakuwa mali yao.

Kwa hiyo, wanaoitaka afta pati wajichangishe wenyewe. Watu 40 wakitoa shilingi 30,000 kila mmoja, mfuko utakuwa na shilingi 1,200,000, na idadi ya watu pamoja na vinywaji vipangwe kulingana na kiasi kilichokwisha kuingia kwenye simu ya mtunza fedha wao wiki moja kabla, kwani deni la baa linalogawanywa saa tisa usiku humwangukia yule aliyebaki na akili timamu. Mahali pawe karibu na ukumbi na pawe na leseni ya biashara hiyo, badala ya uani kwa mtu, kwa sababu jirani mwenye mgonjwa au mtoto mchanga hakualikwa kukesha; na kelele ni suala la kisheria pia, kwani zimo miongoni mwa mambo yanayosimamiwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Usafiri wa kurudi nyumbani nao ulipwe kutoka katika mfuko huo, ili aliyekunywa asishike usukani.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni ile nusu saa ya kufunga ukumbi. Wakati huo wahudumu huvua viti vitambaa na kuvipanga kimoja juu ya kingine, kreti za soda na bia huhesabiwa mlangoni, mpambaji hung'oa maua yake, na shangazi aliyetoka mkoani husimama na viatu mkononi akitafuta gari la kumrudisha alikofikia. Wapangaji wa afta pati wakiwa wamekwisha kuondoka, sanduku la bahasha na zawadi hubaki bila mlinzi, na wazee hubaki bila msindikizaji. Inafaa wateuliwe watu wawili wasiokwenda afta pati, mmoja kutoka kila upande, wa kupeleka zawadi nyumbani, na maharusi wasiondoke kabla gari la wazee halijaondoka. Mshereheshaji naye asiitangaze afta pati kwenye kipaza sauti, kwa kuwa Waswahili husema shughuli ni watu, na watu mia tatu waliokuja hawapaswi kusikia kwamba wapo wengine wanaopendwa zaidi.

Pingamizi la mama mkwe lina mizizi ya kuheshimiwa. Desturi ya pwani inayo fungate, yaani siku saba ambazo maharusi hukaa ndani wakihudumiwa, bila kazi wala matembezi, na katika jicho hilo usiku wa harusi ni mwanzo wa utulivu. Anayepaswa kuzungumza naye ni mwanawe, kwa sababu mwali anayebishana na mkwe kabla hajaingia nyumbani huitwa mkaidi hata akiwa na hoja. Mtoto amweleze mama yake kwamba maharusi watakwenda pamoja, watakaa saa moja, kisha wataondoka na kuwaacha rafiki zao waendelee hadi supu na chapati za alfajiri. Na mama akishikilia kukataa, afta pati ihamishiwe Jumamosi nyingine, kwani utamu wa rafiki wa kweli hauishi kwa wiki mbili.

Bibi harusi mtarajiwa akifuata njia hiyo, kamati itakapovunjwa hesabu itasomwa kuanzia ukumbi hadi maji ya kunywa bila kuwamo mstari wa afta pati, na mchangiaji mdogo kuliko wote ataisikiliza hadi mwisho bila kinyongo.