Upanga, Jembe na Haki: Funzo la Kongwa

Nabii Isaya alitabiri siku ambayo mataifa yatafua panga zao ziwe majembe. Mwaka 1959 Umoja wa Kisovieti uliupa Umoja wa Mataifa sanamu ya mtu afuaye upanga kuwa jembe, nayo imesimama katika bustani ya makao yake mjini New York. Lakini je, ndugu msomaji, kugeuza silaha peke yake kwatosha kuleta amani? Jibu tunalo hapa kwetu, katika ardhi ya Kongwa, mashariki ya Dodoma.

Baada ya vita vya 1939–1945 Uingereza ilipungukiwa mno na mafuta ya kula. Serikali yake ikaazimia kulima karanga, hasa katika Tanganyika, ekari zaidi ya milioni 3, na kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947. Kwa kuwa matrekta mapya yalikuwa adimu, ilinunuliwa mitambo mikuukuu iliyobaki vitani. Tena vifaru vya Sherman vilivuliwa mizinga, vikafanywa matrekta yaliyoitwa Shervick. Upanga ukawa jembe kweli kweli!

Lakini ujumbe uliotumwa kuichunguza ardhi ulitumia wiki 9 tu, na sehemu nyingine uliitazama kutoka angani. Wagogo, walioujua ukame wa nchi yao tangu enzi za mababu, hawakuwa miongoni mwa waamuzi. Udongo ulikauka ukawa mgumu kama jiwe, mvua ikawa haba, mashine zikavunjika. Januari 1951 mpango uliachwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikapotea.

Sasa tazama yaliyofuata. Kuanzia mwaka 1964 Kongwa hiyo hiyo ikawa kambi ya wapigania uhuru: FRELIMO wa Msumbiji, SWAPO wa Namibia, MPLA wa Angola, ZAPU wa Zimbabwe na ANC wa Afrika Kusini. Silaha zikarudi palipolimwa kwa vifaru. Kwa nini? Kwa sababu chuma kilibadilishwa umbo, lakini desturi ya kumwamulia mwenzio mambo ya nchi yake bila kumwuliza haikubadilishwa.

Namibia ilipopata uhuru mwaka 1990, na Waafrika Kusini wote walipopiga kura mwaka 1994, wapigania uhuru wa huko waliweka bunduki chini. Lakini Msumbiji na Angola, zilizopata uhuru mwaka 1975, ziliendelea kuletewa silaha na watu wa nje, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikadumu hadi 1992 na 2002.

Basi mambo mawili yahitajika pamoja. La kwanza, biashara ya silaha itiwe lijamu, kama unavyokusudia Mkataba wa Biashara ya Silaha ulioanza kutumika Desemba 2014. La pili, haki itendeke. Mwenye kuuza silaha huku akihubiri amani huumwagia moto mafuta. Na mwenye kukusanya silaha huku akiiacha dhuluma huacha mzizi ardhini. Mvua ikinyesha, utachipua tena.