SOMO LA UFUNDI: DAFTARI LA SEVA



Seva ni ordinatere yenye kutumikia zingine. Kila mara mtu anaiomba kitu, inaandika mustari moja: saa, anwani ya muombaji, kitu alichoomba, na jibu alilopewa. Mistari hiyo ndiyo tunaita logi. Wengi wanaiweka ndani ya hifadhidata, juu ya kuitafuta upesi. Lakini inaongezeka usiku na mchana.

1. Tuhesabu kwanza
Tuseme seva inapata maombi 10 kwa segonde, na kila mustari uko na baiti 200. Siku ina segonde 86.400.
10 × 86.400 = mistari 864.000 kwa siku.
864.000 × 200 = baiti 172.800.000, ni kusema karibu megabaiti 173.
Kwa mwaka: gigabaiti 63 hivi. Tena hatujahesabu fahirisi za kutafutia, nazo zinakula nafasi.

2. Hatari iko wapi?
Kama logi na malipo ya minervali viko kwa diski moja, siku diski inajaa hifadhidata haiwezi kuandika tena. Mzazi amelipa, lakini risiti haitoki. Kitu kidogo kimeziba njia ya kitu kikubwa.

3. Kosa la wengi
Mtu anafuta mistari milioni mara moja. Anatazama: diski ingali imejaa! Sababu gani? Katika PostgreSQL, mustari uliofutwa unaacha nafasi yake ndani ya faili. Kazi inayoitwa VACUUM inatayarisha nafasi hiyo kwa mistari mipya, lakini kwa kawaida hairudishi kwa diski. Ni sawa na kaye: ukifuta maandiko, kurasa hazipunguki.

4. Dawa
a) Gawa jedwali kwa miezi, kila mwezi kaye yake. PostgreSQL ina amri za kazi hiyo tangu toleo la 10, mwaka 2017. Muda ukiisha, unaondoa kaye nzima. Ni upesi, na nafasi inarudi.
b) Mbele ya kuondoa, andika jumla: maombi mangapi kwa siku, makosa mangapi.
c) Logi ya kulindwa, uikaze na kuiweka pahali pengine. Kisha jaribu kuifungua; akiba isiyofunguka siyo akiba.
d) Diski ya logi isiwe diski ya malipo.
e) Usiandike kamwe neno la siri la mtu ndani ya logi.

Kumbukeni mana jangwani. Ile waliyoiweka mpaka asubuhi bila ruhusa ilioza. Lakini gomeri moja iliagizwa kuwekwa kwa ajili ya vizazi (Kutoka 16). Siyo kulinda vyote, wala kutupa vyote. Amua mapema, mbele diski haijaamua kwa ajili yako.

MAULIZO
1. Maombi yakiwa 25 kwa segonde, mistari mingapi kwa siku?
2. Kwa maombi 10, diski ya gigabaiti 40 itajaa kisha siku ngapi?
3. Kwa nini kuondoa kaye nzima kunapita kufuta mistari?